Mwili wa Kijani, Nukta Nyekundu

Picha ya seli hai na seli mfu zilizotiwa rangi za kumulika husomwa mbiombio: kijani ni uzima, nyekundu ni mauti, hesabu kisha andika asilimia. Naomba tuisome taratibu, kama tunavyousoma ubeti, maana umbo lake linasema mengi kuliko rangi zake.

Anza na seli moja ya kijani. Rangi imeijaza hadi ukingoni. Kama ni seli ya ngozi, utaona ilivyojinyoosha, ncha zake zimeshika sakafu ya kisahani. Sasa tazama nyekundu iliyo jirani yake. Haina mwili. Ni nukta tu, yenye ukubwa wa kiini cha seli. Aliye hai ana umbo. Aliyekufa kabaki kitone.

Hakuna msanii aliyelipanga hilo. Rangi ya kijani, kalseini AM, huingia ndani ya seli bila kung'aa. Humo vimeng'enya viitwavyo esterasi huikata vipande vya pembeni, na kinachobaki humulika kijani. Kwa kuwa sasa kina chaji, hakipenyi tena utando kwa urahisi, basi huenea seli nzima. Rangi nyekundu, ethidiamu homodaima, hubisha hodi isifunguliwe mpaka utando utoboke. Ikiingia hung'ang'ania DNA, na mwanga wake huongezeka kama mara 40. Ndiyo maana huwaka kwenye kiini. Hata weusi wa nyuma umetokana na ufundi huohuo: rangi iliyobaki nje haijakatwa wala haijashika DNA, kwa hiyo imenyamaza.

Hapa ndipo ninapoachana na usomaji uliozoeleka. Tumezichukua rangi hizi mbili kama vina vinavyojibizana, kila kimoja kinyume cha mwenzake. Sivyo. Kijani kina masharti mawili: vimeng'enya viwe vinafanya kazi, na utando uweze kuhifadhi vilichokizalisha. Nyekundu ina sharti moja tu, utando uvunjike. Boris Rotman na Ben Papermaster, walipoeleza mwaka 1966 jinsi rangi iitwayo fluoresini inavyobaki ndani ya seli, walikuwa wakichunguza tabia za utando hasa.

Kati ya masharti hayo kuna nafasi, na seli huangukia humo. Yenye utando mzima lakini vimeng'enya vilivyolala hukaa gizani, haihesabiwi popote. Iliyokwisha kuanza kujiua kwa utaratibu wa apoptosisi, utando wake ungali imara, huhesabiwa hai. Na zile zilizokufa mapema zikabanduka sakafuni zilikwenda na maji ya kuoshea kabla picha haijapigwa. Asilimia iliyoandikwa haiwezi kuzijua.

Mimi huirudia seli moja ambayo wahesabuji wengi huiruka kwa kuwa haina safu kwenye jedwali. Kijani chake kimefifia, kimekuwa kama ukungu, na katikati nyekundu imeanza kuwaka. Utando umepasuka sasa hivi. Kalseini inavuja, ethidiamu inaingia, na zote mbili zimekutwa ndani ya mwili mmoja. Piga picha nyingine baadaye kidogo, mahali palepale, utakuta nukta nyekundu tu.