Goti Zima Kwanza

Mgonjwa mgeni hushangaa tangu mwanzo. Amekuja na goti la kulia limevimba, kashikwa kwapani na mwanawe, na mkandaji anamwambia anyooshe mguu wa kushoto. Bibi anaukunja taratibu, anaukunjua, anapapasa pia ya goti pembezoni, anateremka mpaka kwenye kifundo. Mgonjwa akilalamika, "Bibi, si huo," hujibiwa bila ya kutazamwa usoni: "Najua, mwanangu. Huu ndio utakaonambia mwenziwe alikuwaje."

Hayo nimeyaona Matemwe, Zanzibar, upande wa Mbuyu Tende, kwenye baraza iliyoezekwa makuti. Nimeyaona pia mjini, hospitali ya Mnazi Mmoja, kwa kijana wa fiziotherapia aliyeshika kipimo cha pembe: naye alianza na mguu mzima, akaandika, ndipo akahamia kwenye mbovu. Mmoja kasoma chuoni, mwengine kasoma kwa mama mkwe wake, na wote wawili wanaanzia pale pale. Tangu hapo sina subira na watu wanaosema ukandaji ni ushamba na fiziotherapia ndiyo elimu. Wala sina subira na wanaosema kinyume chake.

Baada ya mguu huja maswali, na hapo mgeni hushangaa mara ya pili, kwani bibi haulizi sana habari za maumivu. Anauliza maisha. Unalalia ubavu gani? Chooni unachutama vizuri au unajishikiza ukutani? Ndoo unaibeba kwa mkono upi? Swala unaisali vipi? Hilo la mwisho ndilo analokaa nalo. Atamtaka mgonjwa amwoneshe: arukuu, asujudu, akae tahiyatu na mguu ameulaza, kisha ainuke bila ya kushika kitu. Bibi huyu hana kipimo cha pembe, lakini kwa rakaa moja ameshaona kiuno kinavyokunjika, goti linakofika, vidole vya mguu vinavyokubali au kukataa kukunjwa, na shingo inavyogeuka kulia na kushoto wakati wa kutoa salamu. Mwili mzima umepita mbele yake, na mgonjwa hakuvuliwa hata kanga.

Kupona nako hupimwa hapo hapo. Aliyeanza kwa kusali juu ya kiti, akashuka mkekani kwa kushikwa mkono, mwisho akainuka peke yake, huyo ndiye aliyepona. Kuondoka kwa maumivu peke yake hakumridhishi. Nilimsikia akimjibu mama mmoja aliyekuja kwa furaha kumpa habari kwamba goti haliumi tena: "Haliumi, lakini kiti bado unacho." Wataalamu wa hospitali nao siku hizi humuuliza mgonjwa anataka kurudi kufanya nini, kisha huyapanga matibabu kwa kufuata jibu lake. Bibi wa Matemwe hakuwa na haja ya kuuliza. Alijua mgonjwa anakuja kuinuka kwenye sijida.

Mjomba wangu alikuwa mkwezi. Alianguka mnazini akavunjika muundi, akapelekwa mjini, akapigwa picha na kufungwa hogo. Hogo lilipokatwa, ulitoka mguu asioutambua: mwembamba, ngozi imekauka, kifundo kimegoma. Aliambiwa arudi kila wiki kwa mazoezi, akarudi mara moja. Daladala namba 118 ilimla nauli na siku nzima, na mkwezi asiyekwea hana nauli ya kuchezea. Ndipo akachukuliwa na mkandaji wa kiume, mvuvi wa makamo, maana kwetu wanaume hukandwa na wanaume, wanawake na wanawake.

Huyu mvuvi alianza kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, siku chache, kwa vidole vilivyokuwa vikisikia mishipa ya mguu kama vilivyozoea kusikia mshipi baharini. Lakini mafuta yalikuwa salamu tu. Kazi yenyewe aliifanya ufukweni. Asiyeijua Matemwe inabidi aambiwe kwamba huko maji yakipwa hukimbia mbali mno kuelekea mwambani, yakaacha uwanja mpana wa mchanga, vidimbwi na mikondo ya kina mbalimbali, na Kisiwa cha Mnemba kikabaki kule mbele. Mvuvi alimtia mjomba kwenye maji ya kiunoni kwanza. Maji ya kimo hicho huupunguzia mguu karibu nusu ya uzito wa mwili. Nchi tajiri hujenga mabwawa ndani ya hospitali kwa ajili hiyo. Alipoweza kutembea humo bila ya kuchechemea, akamleta kwenye maji ya magotini. Kisha mchanga mgumu uliolowana. Kisha, baada ya muda ambao mjomba aliuona kama mwaka, mchanga mkavu wa juu, karibu na minazi, ule unaozama na kumfanya kila mtu awe mlevi.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo sijawahi kulisahau. Mjomba alipokuwa akitembea kwenye mchanga uliolowana, mvuvi hakumtazama. Alitembea nyuma yake ameinamisha kichwa, anatazama nyayo. Wayo wa mguu mzima ulikuwa umekamilika, kisigino na vidole. Wa mguu mbovu ulikuwa na vidole bila ya kisigino, tena umepinda kwa nje. "Rudi. Kanyaga kisigino." Mjomba anarudi. "Kisigino kimeingia, lakini hatua yako fupi, unaukimbia. Rudi." Hapakuwa na ubishi, kwa sababu mjomba mwenyewe alikuwa akigeuka na kuona. Mtu huweza kubisha na mganga, huweza kubisha na mkewe. Na wayo wake mwenyewe atabisha vipi? Mjini nimekuja kuambiwa kwamba kuna mahali watu hutembezwa juu ya sakafu yenye mitambo inayosoma mguu unavyokanyaga. Sikushangaa hata kidogo.

Mjomba alitupa fimbo. Mnazi hakuupanda tena, lakini hiyo ilikuwa amri ya mkewe, haikuwa ya mguu.

Mgeni wa kazi hii atarajie kuumia, na asidanganywe. Kuna maumivu ya kesho yake, mazito, ya misuli iliyolala muda mrefu ikaamshwa. Hayo ni sehemu ya dawa. Kuna mengine makali kama moto, au ganzi inayoteremka mguuni, au uvimbe unaoongezeka. Hayo ni ya kusema upesi na kusimamisha kazi. Atarajie vile vile kupewa kazi ya nyumbani, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Mtaalamu wa hospitali humpa mgonjwa karatasi yenye picha za mazoezi, na karatasi hiyo huishia chini ya godoro. Bibi hana karatasi. Mazoezi yake ameyafunga kwenye swala tano: ukimaliza kutoa salamu, kabla hujaukunja msala, nyoosha goti mara kadhaa alizokwambia. Mtu husahau karatasi; adhana haimsahau.

Wateja wake wengi ni wanawake wa mwani. Kilimo hiki kilianza mwaka 1989, kwanza Paje na Jambiani, kikapanda pwani ya mashariki mpaka kwetu, na mpaka leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Kimewapa fedha mkononi, na hilo si dogo. Kimewapa pia viuno. Kuinama saa nyingi majini kufunga mbegu kwenye kamba, kisha kubeba mwani mbichi unaochuruzika mpaka pwani, ni kazi ambayo mgongo huihesabu hata kama mnunuzi haihesabu. Ndiyo maana kalenda ya bibi ni ya bahari. Siku za bamvua, maji yanapotoka sana, baraza yake tupu, wote wako mwanini. Siku za maji mafu hujaa mpaka wengine wakae chini ya mkungu. Kuna hospitali nyingi duniani zinazolalamika kwamba wagonjwa hawaji siku waliyopangiwa. Labda zijaribu kupanga kwa mwezi.

Sisemi kwamba kila anayejiita mkandaji ni hodari. Wapo waliofunga mabanzi yakakaza mpaka vidole vikawa vyeusi, na mtu aliyekwenda na mfupa akarudi bila ya mguu. Wapo wanaokanda mvunjiko mbichi. Wapo wanaomvuta mgonjwa wa kiharusi kwa mkono ule ule uliolegea, wakamharibia bega ambalo lingebaki salama. Wapo, na hawa ndio wabaya zaidi, wanaomweka mwenye kiharusi ndani miezi mitatu ya mwanzo wakisubiri pepo apungwe, na miezi hiyo ndiyo ambayo mwili huwa tayari zaidi kujifunza upya. Bibi wa Mbuyu Tende mfupa unaocheza haugusi. "Nenda ukapigwe picha, kisha urudi," na mlango hufungwa. Aliyejua mwisho wa mikono yake ndiye fundi.

Wataalamu wa fiziotherapia wa mjini nao wasijione kwamba walishushwa kutoka mbinguni. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London, mmoja wao Rosalind Paget, waliunda chama cha wakandaji. Kilikuwa cha wakandaji, si zaidi. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba nyumba nyingine za kukandia zilikuwa madanguro, na wanawake hawa walitaka kazi yao iheshimike, wakajiwekea sharti la kutomkanda mtu bila ya agizo la daktari. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza. Na katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, kulikuwa na ukoo wa waunga mifupa. Mmoja wao, Evan Thomas, alihamia Liverpool, akasumbuliwa na madaktari mpaka mahakamani. Hakuacha kazi. Aliwapeleka wanawe watano wote kusomea udaktari. Mwanawe Hugh Owen Thomas akabuni gango la mguu lenye jina la ukoo huo, na katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, gango hilo lilipotumika kwa askari waliovunjika paja, vifo vyao vilipungua sana. Ujuzi wa kisiwa uliingia hospitali kwa sababu ulikuwamo nyumbani kwanza, halafu watoto wakapelekwa skuli.

Kwetu tumefanya nusu ya pili tu. Tunapeleka watoto skuli, na nyumbani hatuwafundishi.

Bibi ana mjukuu mwenye vidole vyema, mwenyewe anakiri. Yuko kwenye moja ya hoteli hizi zilizojipanga pwani yetu, anakanda wageni kwa saa, kwa bei ya dola, kwenye chumba chenye mishumaa na muziki wa maji yanayotiririka, na bahari yenyewe iko nje ya dirisha. Simlaumu, analisha ndugu zake. Lakini mgeni amelala kifudifudi, haumwi kitu, hana sijida ya kurudia, ataondoka Jumamosi. Mjukuu hajifunzi kutazama mguu mzima kwanza, kwa sababu hakuna mbovu. Hajifunzi kuuliza, wala kusubiri. Jioni hurudi nyumbani vidole vimechoka, na bibi, ambaye sasa naye goti linamsumbua, hana wa kumkanda.

Na wagonjwa wenyewe tumebadilika. Tunataka sindano. Vijana wa bodaboda wanaanguka, wanafungwa hogo, wanalikata kwa msumeno wa fundi seremala kabla ya wakati, wanarudi barabarani wakiburuta mguu, na wakiulizwa wanasema wako poa. Mtu mwenye simu ya laki kadhaa anaona nauli ya mazoezi ni hasara. Hata yule kijana wa Mnazi Mmoja aliniambia, bila ya hasira, kwamba wengi huja mara ya kwanza, wakiona hawakupewa dawa hawaji ya pili.

Zanzibar ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na ni vyema waganga wasajiliwe na walaghai wajulikane. Lakini jina kwenye daftari halirithishi kitu. Kinachohitajika ni mtu wa kukaa kwenye ile baraza miezi, akashike miguu mingi mizima na mibovu, akafuate nyayo mchangani. Anayefaa zaidi naona ni yule aliyekwisha soma. Basi namwomba kijana wetu yeyote anayerudi na cheti chake cha fiziotherapia kutoka KCMC Moshi, au popote alikosomea, kabla hajatafuta kazi ya mjini apande 118 mpaka mwisho wa safari na aulize mkandaji anakaa wapi. Ataoneshwa. Achukue daftari, avue viatu, na asianze kwa kueleza alichosoma. Na aende siku za maji mafu. Siku za bamvua hatamkuta, maana bibi mwenyewe ana kamba zake za mwani.