"Kutenga" kumbukumbu: mfululizo upi?

Juzi nikiwa Muhoroni, kijana mmoja anayesomea tarakilishi alinipa mswada wake niupitie. Anaeleza kwa Kiswahili jinsi ya kuandika viendeshi vya Linux, yaani zile programu zinazokaa katika kiini cha mfumo na kuuwezesha kuelewana na kifaa kama kadi ya mtandao. Kazi ya kupongezwa. "Kiendeshi" nimelikubali, angesema "dereva", hapa watu wangefikiria trekta la miwa.

Nilikwama penye "kutenga kumbukumbu". Anasema kmalloc "hutenga kumbukumbu mfululizo". Ukurasa wa pili, vmalloc nayo "hutenga kumbukumbu mfululizo". Sasa, kwa nini ziwe mbili?

Tazama mashamba. Mkulima mmoja ana ekari nne zilizopakana. Trekta huingia huku likatokea kule. Jirani yake ana nne pia, zimetawanyika, ila daftarini ameziandika 1 hadi 4 zikafuatana. Njia ya kmalloc ni ekari zilizopakana. Ya vmalloc ni mfululizo wa daftarini tu, na hufaa unapotaka eneo kubwa ilhali nafasi zilizobaki ni vipande vipande. Lakini kifaa kinachochota data kumbukumbuni chenyewe, bila kupitia prosesa, kwa kawaida hakilisomi daftari hilo. Kikipewa anwani ya vmalloc hivihivi, kitaandika katika shamba la mwingine, na mfumo mzima huenda ukaanguka. Aseme "mfululizo halisi" na "mfululizo wa anwani", msomaji asipotee.

Kisha kuna "kulala". Eti ombi la GFP_KERNEL "linaweza kulala". Mafundi husema hivyo kwa Kiingereza, lakini kwetu aliyelala kaacha kazi. Hapa maana ni kusubiri: kumbukumbu ikiadimika, mwombaji huwekwa kando mpaka ipatikane, prosesa ikiendelea na mengine. Kifaa kinapoikatiza prosesa ghafla, msimbo unaokihudumia hauruhusiwi kusubiri. Hapo hutumika GFP_ATOMIC, inayoweza kugusa akiba ya dharura, na ikikosa hurudi mikono mitupu papo hapo. Mswada unaiita "ombi la kiatomu". Nikamwuliza kama tunaunda bomu. Akacheka, akafuta, akaandika "ombi lisilosubiri".

"Kulala" amekataa kuliondoa. Anasema wenzake wote darasani wanalitumia, na mimi ndiye mgeni. Nimemwachia mswada wake, sentensi hiyo nimeipigia mstari mwekundu.