Mwongozo wa Mtumbwi: Vitabu Vitatu na Hesabu ya Mwezi

Kitabu cha mwongozo wa safari ni utanzu ambao wahakiki hawaupi heshima kubwa. Huhesabiwa kuwa chombo tu: hutumiwa, kisha huwekwa kando. Lakini Mswahili anayeishi Al-Malqa, kaskazini mwa jiji la Riyadh, akipanga kwenda Mafia kuvua kwa mtumbwi kati ya mikoko na matumbawe, hukabiliwa na swali la kihakiki hasa: aamini sauti ya nani? Riwaya ikikosea, msomaji huchoka. Mwongozo ukikosea, mtumbwi hukwama juu ya mwamba mkavu, au husukumwa nje ya mlango wa mwamba na maji yanayopwa.

Mazoea ya mvuvi wa Jeddah hayamfai. Jeddah iko katikati ya Bahari ya Shamu, ambako maji hupanda na kushuka kidogo sana. Katika pwani ya Waswahili, tofauti ya maji makuu na madogo wakati wa bamvua hupita mita 3. Aliyejifunza kuvua Jeddah hana sababu ya kuuliza saa ya maji. Mafia, hilo ndilo swali la kwanza.

Mwongozo wa kale zaidi unaojulikana wa pwani hii ni Periplus ya Bahari ya Erythraea, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na mfanyabiashara asiyejulikana jina. Unapofika kisiwa cha Menuthias, ambacho wataalamu bado wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia, unataja vyombo vya kushonwa, mitumbwi ya gogo moja inayotumiwa kuvulia samaki na kasa, na mitego ya kusukwa inayotegwa kwenye milango ya maji. Mvuvi wa leo atakumbuka dema na uzio. Hata hivyo, jicho la mwandishi limo merikebuni. Anaona mtego, lakini haelezi siku ya kuutega. Kwake uvuvi ni ajabu ya wenyeji; si kazi yenye elimu yake.

Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ras al-Khaimah ya leo, ni mwandishi wa namna nyingine. Katika Kitab al-Fawa'id, cha miaka ya mwisho ya karne ya 15, anaandika kama nahodha kwa manahodha: nyota, vituo vya mwezi, majira ya pepo, vipimo vya vidole. Aliandika pia utenzi wa njia ya Sofala. Sauti yake inaaminika kwa sababu imetoka kazini. Lakini chombo chake ni kikubwa, na kwa chombo kikubwa mwamba ni hatari ya kukwepwa. Kwa mwenye mtumbwi, mwamba huohuo ndio shamba.

Wa tatu hakuandika mwongozo wa bahari. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin, na masimulizi yake ndiyo msingi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1903. Thamani yake hapa ni msimamo wa msemaji: mambo ya pwani yanaelezwa kwa Kiswahili na mtu aliyeyaishi, akiwa mbali na kwao kama alivyo msomaji wa Al-Malqa. Kinachokosekana ni sauti hiyo ikielekezwa majini.

Basi, mwongozo wa leo upimwe kwa maswali manne. Je, unatofautisha kusi na kaskazi? Je, unataja milango ya mwamba kwa majina ya wenyeji? Je, unaeleza maeneo yasiyoruhusiwa kuvuliwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995? Na je, unahesabu maji kwa mwezi?

Swali la mwisho ndilo zito. Jedwali la maji ni la lazima, lakini hufa na mwaka wake. Kanuni ya mwezi haichakai. Bamvua huja baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, maji mafu yakiwa katikati. Siku za bamvua, pwani ya Unguja na jirani zake, maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa 4, asubuhi na usiku. Msomaji wa Riyadh ana kalenda ya Hijria ukutani. Anaitumia kwa Ramadhani na Hija, pengine bila kukumbuka kwamba mvuvi wa Jibondo huhesabu siku hizohizo ili ajue lini ashushe dema.

Elimu hiyo kwa sehemu kubwa bado imo vinywani mwa wazee. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni hawezi kuinunua dukani, na miongozo ya lugha za kigeni mara nyingi humweka palepale alipokaa mwandishi wa Periplus: sitahani, akitazama mitumbwi ya watu wengine.