Kiunganishi Kilichobeba Watu 342

Matokeo ya mtihani yaliyovuma Oktoba 2022 kutoka Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ya Tanzania yanaenea nyuma ya tiketi ya basi: watahiniwa 633, waliofaulu 26, wenye sapu 342, waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Nchi nzima ilisoma 26. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, na vijiweni kila mtu akawa na mshtakiwa wake: vyuo vikuu, Kiingereza, uvivu wa vijana, roho mbaya ya wasahihishaji. Mimi nimeirudia karatasi ya matokeo hayo mara kadhaa hapa Bahi, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Dodoma mjini, na kila nikiirudia jicho linagoma kwenye safu ya katikati.

Hao 342 ni kina nani? Ni watu waliofaulu baadhi ya masomo na kushikwa mengine. Jedwali limewapa safu yao, lakini simulizi ya mtaani haikuwapa. "Wamefaulu 26 tu" ni sentensi ya kweli inayomfanya msomaji aamini jambo lisilosemwa, kwamba 607 waliobaki ni kundi moja. Zaidi ya nusu ya watahiniwa wote wamefutwa na neno "tu".

Kwenye safu ile ya katikati waliwekwa na neno jingine dogo vilevile: "na". Mtihani wa aina hii haumtaki mtahiniwa afaulu kwa jumla. Unamtaka afaulu somo hili, na lile, na lile jingine, mpaka mwisho wa orodha. Tuchukue mfano wa Kenya, ambako mpangilio ni mwepesi kuuona: anayetaka uwakili hufanya masomo tisa, na kila moja lina mstari wake wa kufaulu. Sasa tufanye hesabu ya darasani. Tuseme kila somo linafaulisha watu 70 kati ya 100, kiwango ambacho mwalimu yeyote angelala nacho usingizi. Kama kufaulu somo moja hakuhusiani na kufaulu jingine, wanaovuka yote tisa kwa mkupuo ni wanne kati ya 100. Ukipandisha kila somo hadi 80, wanavuka 13 tu. Watu si dadu, bila shaka. Anayejua mwenendo wa madai huenda anajua na wa jinai, kwa hiyo hali halisi huwa nafuu kuliko hesabu hii. Sisemi pia kwamba ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022. Lakini 26 kati ya 633 ni asilimia nne na ushei, na hesabu inaonyesha kwamba namba kama hiyo inaweza kuzaliwa bila somo hata moja kuwa la kutisha. Kiunganishi peke yake kinatosha.

Wapo walioamua kukiondoa. Majimbo ya Marekani yanayotumia mtihani mmoja wa pamoja wa uwakili hujumlisha alama za sehemu zote, halafu kila jimbo linaweka mstari wake juu ya jumla hiyo: New York 266, Alabama 260. Aliyeyumba kwenye maswali ya kuchagua anaweza kuokolewa na insha zake. Mwenye 262 ni wa kukubalika Alabama na wa kukataliwa New York, ingawa karatasi ni ileile na kalamu ni ileile.

Siichukii "na". Mtu asiyejua kwamba fedha ya mteja si fedha yake hawezi kulifidia hilo kwa ufundi wa kuandika mikataba. Hapo kiunganishi kina kazi. Tatizo ni pale kinapowekwa kila mahali kwa mazoea, kama mshairi anayerudia kibwagizo kwa sababu ubeti uliopita ulikuwa nacho.

Tatizo la pili liko kwenye mstari wenyewe. Kenya somo hufaulishwa kwa 50 kati ya 100. Nusu inatuingia akilini bila kubisha hodi kwa sababu tumekua nayo tangu darasa la kwanza. Lakini nusu ya nini? Mtunga maswali akiamka vibaya, 50 ya mwaka huu inakuwa mlima. Mwenzake akitunga laini mwakani, 50 ileile inakuwa kichuguu. Mwongozo wa kusahihishia unaweza kufuatwa nukta kwa nukta, wasahihishaji wawili wakakubaliana kila alama, na bado mstari ukawa umechorwa kabla ya mtu yeyote kuliona swali.

Uingereza, mtihani mpya wa mawakili ulipofanyika mara ya kwanza Novemba 2021, karatasi mbili za sehemu ya kwanza zilikuwa na mistari miwili: asilimia 57 na asilimia 56. Namba hizo za ajabuajabu zina asili yake. Zinatokana na njia yenye jina la William Angoff, Mmarekani aliyeieleza mwaka 1971. Jopo la wanasheria hukaa na kubuni mtu: mwanasheria anayetosha kwa shida, aliyesimama kizingitini hasa. Kisha kwa kila swali wanaulizana, kati ya watu kumi wa namna hii, wangapi watalipata? Makadirio hukusanywa, wastani wake ukawa mstari. Kwa lugha ya uhakiki wa fasihi, alama ya kufaulu ni mhusika. Hamsini ni hadithi isiyo na mhusika.

Mhusika huyo lazima awe na mahali pa kuishi. Mweke Bahi. Anayekuja ofisini kwake ni mjane anayezungumza Kigogo, mwenye muhtasari wa kikao cha ukoo uliokunjwa mara nne, na shemeji anayedai majaruba ya mpunga ya marehemu ni ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo imeshaamua kwa shemeji, kwa Kiswahili. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini mwanasheria wetu amesomea mirathi kwa Kiingereza. Hukumu ina siku 26. Rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Je, ataanza kwa kubishana kuhusu ukoo, au atauliza kwanza tarehe?

Kati ya kumi wanaotosha kwa shida, ningesema saba watauliza tarehe. Wakili mmoja niliyemuuliza alisema wanne. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na hilo lilikuwa swali moja tu la karatasi.