Ufundi wa Kipando

Mwanzoni mwa Agosti mashamba ya Tumati, wilayani Mbulu, huwa makavu. Mvua za nyanda za juu za Mbulu huanza Novemba au Desemba na kuishia Mei, kwa hiyo Nane Nane, sikukuu ya wakulima, inapofika, maharage yamo maguniani na ng'ombe wanatafuna mabua. Kwa mtu anayetaka kuonesha kilimo cha milima hii, huo si wakati wenyewe. Lakini tarehe haisogei. Kuanzia Agosti 1 hadi 8, katika viwanja vya Themi, Njiro, jijini Arusha, halmashauri za Arusha, Kilimanjaro na Manyara hukutana kwa maonesho, na kipando cha Mbulu, yaani shamba lake dogo la mfano, lazima kiwe kijani.

Tarehe hiyo haikupangwa na mvua. Zamani sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, siku ilipozaliwa TANU mwaka 1954. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, wakulima walihamia Agosti 8, na Saba Saba ikawa ya wafanyabiashara. Mkoa wa Manyara, wenye Mbulu ndani yake, ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, kanda ya maonesho ilibaki ileile.

Wageni wengi hukimbilia mabanda, wakapewa vipeperushi, wakaonja asali, wakapiga picha na fahali. Mimi husimama kwenye vipando. Pale ndipo kuna kazi ya miezi mingi iliyofanywa na mabwana shamba na mabibi shamba, nao huwaoni wakijisifu. Wamepanda kipande cha ardhi ambamo mazao ya kila umri yanatakiwa kufikia ubora wake ndani ya siku nane zilezile.

Hesabu yake huanzia mwisho. Unaikamata Agosti 1, kisha unarudi nyuma zao kwa zao. Mchicha unataka wiki tatu au nne tu, kwa hiyo ukiupanda mapema utazeeka kabla mgeni hajaingia getini. Maharage yanataka siku 75 hadi 90. Kabichi hukaa kitaluni karibu mwezi mzima, halafu miezi mitatu hivi shambani. Vitunguu saumu, fahari ya Mbulu, vinaomba miezi minne hadi mitano, na siku ya maonesho majani yanapaswa kuwa yanaanza tu kugeuka manjano, ili ukiking'oa kimoja mbele ya watu kiwe kimeshagawanyika vidole. Juu ya hayo yote, Juni na Julai ni miezi ya baridi Arusha. Baridi huchelewesha mimea, na siku zilizoandikwa kwenye mfuko wa mbegu hazitoshi. Anayejua kazi huongeza siku, na kiasi cha kuongeza anakijua kwa kuwa mwaka jana na mwaka juzi alikuwa palepale akiangalia.

Alizeti ndiyo hunishangaza zaidi. Ua lake hupendeza kwa muda mfupi, halafu huinama na kukauka. Hivyo hupandwa kwa awamu, mstari mmoja leo, mwingine baada ya wiki mbili, ili siku zote nane pawepo uliochanua. Mahindi nayo hupangwa kwa umri: haya yanatoa mbelewele, yale yana mahindi mabichi, na yale ya pembeni yamekauka, gunzi limejaa mpaka nchani. Mkulima aliyetoka kijijini anauona msimu mzima kwa hatua kumi. Kibao kimemwambia jina la mbegu na nafasi, sentimita 75 kati ya mistari, lakini jicho lake limeshapima lenyewe.

Mbaazi haikubali kuharakishwa. Zile za muda mrefu zinazolimwa Babati na sehemu za chini za Mbulu, zikichanganywa na mahindi, husubiri siku ziwe fupi ndipo zitoe maua. Bwana shamba hana ujanja hapo. Anazipanda mapema na kuziachia nafasi yao, nazo kwa bahati njema hujaza maganda karibu na Agosti.

Halafu kuna ulinzi. Kipando cha kijani wakati wa kiangazi ni mwaliko kwa ndege na wadudu wote wa jirani. Mimea inamwagiliwa maji, ngano inachungwa isiliwe na ndege, na tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017, kila mhindi hukaguliwa kiini chake asubuhi.

Udongo nao una deni kwa nyumbani. Wairaqw wa Kainam huko Mbulu, kitovu chao cha zamani, wamelima miteremko ileile kwa vizazi kwa kutunza samadi, kuchimba mifereji ya kutoa maji na kuinua matuta. Ng'ombe hulala ndani, samadi hukusanywa na kupelekwa shambani. Ninapoona tuta la Themi lililonyooka, mbolea yake imeoza sawasawa na halina hata gugu, namwona huyo mkulima wa mlimani ndani yake, hata kama halmashauri ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao.

Agosti 8 vikombe vinagawiwa, na majaji wameshapita na karatasi zao. Wakulima wanauliza mbegu inauzwa wapi na mfuko ni shilingi ngapi, wengine wanaomba angalau punje chache za kujaribu. Bwana shamba anajibu huku ameshika daftari: kabichi zilichelewa kufunga, mwakani kitalu kiwahi wiki moja, mstari wa pili wa alizeti ulikuwa sawa, usiguswe.