Fundi wa Meza ya Mtu Mmoja

Kula peke yako mgahawani ni kazi ya mikono na macho, na ina mafundi wake. Mmoja namfahamu. Ni fundi cherehani wa Kirumba, Mwanza, ambaye kwa miaka mingi alibeba hotpoti kutoka nyumbani na kula nyuma ya pazia la kupimia nguo, mlango wa duka ukiwa umerudishwa. Hakuwa bahili wala hakuwa na maringo. Aliogopa macho ya watu. Hofu hiyo inajulikana na madaktari: mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, unapoeleza hofu ya kijamii, unataja kula na kunywa mbele ya watu miongoni mwa mifano yake. Kwake ilianzia mkononi. Kijiko kilitikisika kidogo, naye akaamini kwamba mgahawa mzima umekiona.

Siku hizi chakula cha mchana anakila mgahawani. Nilipomwomba nimtazame akila, alikaa kimya, akakata uzi kwa meno, kisha akasema, "Njoo. Ila kaa meza nyingine, na usinisemeshe." Macho hayana pazia, na ombi langu lilikuwa hasa lile jambo alilolikimbia. Alilipokea kama anavyopokea kitambaa kigumu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua saa. Alianzia saa kumi alasiri, wakati wapagazi wa soko la Mwaloni na vijana wa bodaboda wameshakula na wahudumu wanafuta meza. Aliagiza chai tu. Alipoizoea, akaongeza chapati, kwa kuwa chapati inashikika kwa vidole na haitaki kijiko. Baadaye wali. Ndipo akaanza kuisogeza saa: tisa, nane na nusu, nane. Hakuhamia saa nyingine mpaka ile ya mwanzo imemchosha kwa kuzoeleka. Wanasaikolojia hutibu hofu kwa mpango wa namna hiyo, kuanzia jambo dogo kwenda kubwa, mgonjwa akibaki katika kila hatua hadi mwili utulie wenyewe. Yeye aliufikia kwa busara ya mtu ambaye hakati kitambaa kabla ya kupima. Leo anaingia saa saba mchana, viti vingi vimeshachukuliwa.

Mlangoni hasimami kutafuta. Anaingia kwa mwendo wake wa kawaida, anamsalimia mama wa kaunta kabla ya kuangalia meza, na salamu hiyo inampa sauti yake mapema, kabla haijahitajika kwa kuagiza. Zamani alikwenda moja kwa moja kwenye kona karibu na mlango, mgongo ukutani. Sasa anachagua kiti cha kati, karibu na ndoo ya kunawia. Anaweka pochi mapajani na simu ndani ya pochi, kisha anafunga zipu.

Kunawa anakufanya kwa ukamilifu. Anafungua koki ya ndoo, analowesha mikono yote miwili, anapaka sabuni hadi kwenye vifundo, anasuuza, anakung'uta maji chini. Anarudi kitini bila kuharakisha hatua. Mhudumu anamfikia. "Karibu, dada fundi. Nikupe nini?"

"Naomba ugali na sato wa kukaanga. Mchicha, na pilipili pembeni." Anasema yote kwa pumzi moja, kwa sauti inayofika na isiyozidi. Sentensi hiyo aliwahi kuifanyia mazoezi dukani, cherehani ikinguruma.

Kisha inakuja hatua ngumu kuliko zote, nayo haina chombo: kusubiri. Sahani haijafika, mikono haina kazi, na mtu aliye peke yake anaanza kujitazama kwa macho anayodhani ni ya wengine. Mwaka 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza kwamba hofu ya kijamii hujilisha hapo. Mtu hugeuzia uangalifu wake ndani, akasikiliza moyo na kuchunguza mkono, kisha akachukua anachokihisi kuwa ndicho watu wanachokiona. Simu humsaidia kujificha, lakini humnyima nafasi ya kugundua kwamba hapakuwa na la kufichwa.

Ninamtazama anavyosubiri. Macho yake yanatoka. Yanamfuata mhudumu aliyepanga sahani tatu kwenye mkono mmoja, yanahamia kwa kijana anayefuta meza kwa kitambaa cha bluu, yanatulia kwenye mlango wa jiko ambako mwiko unagonga ukingo wa sufuria. Hakodoi mtu. Akikutana na jicho la mtu, anainamisha kichwa kidogo na kuendelea. Mara moja bega lake la kulia linapanda. Analiona, analishusha, anarudi kwenye mwiko. Nimewatazama na waliomzunguka: wawili wanabishana juu ya nauli, mmoja anachokoa meno, mmoja analalamikia mchuzi. Mwaka 2000 Thomas Gilovich na wenzake walichapisha majaribio ambamo mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo aliona haya kuivaa, akaingizwa chumbani penye wenzake. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wataitambua picha ile. Walioitambua walikuwa kama robo. Fundi wetu hajapata kusikia habari za fulana hiyo, lakini kusubiri kwake kote kumejengwa juu ya hesabu hiyo.

Sahani inafika. Sato amelala mzima, amechanjwa mbavuni, ngozi imekauka rangi ya kahawia, mkia umejikunja. Kuagiza samaki mwenye miiba ni uamuzi wa kifundi. Wali humwachia mtu nafasi ya kuwaza, lakini sato humtaka mtu kwa akili yake yote. Ukimla huku unajiangalia, mwiba utakukumbusha.

Anaanza na ugali. Anamega kwa vidole vya mkono wa kulia, analizungusha tonge kiganjani mpaka liwe laini, analibonyeza kwa dole gumba kufanya kishimo, anachota mchicha. Tonge la kwanza ni dogo, nalo analitafuna mpaka liishe kabla ya kugusa samaki. Kisha anang'oa pezi la mgongoni na kulivuta kuelekea mkiani, safu ya miiba midogo ikitoka pamoja nalo. Anaiweka ukingoni mwa sahani. Kidole cha shahada kinaingia kwenye chanjo la kwanza na kuinua mnofu wa juu ya uti wa mgongo, nao unaachia kipande kizima. Upande wa tumbo anapunguza mwendo, kwa sababu mbavu ni nyembamba. Anautembeza mnofu katikati ya dole gumba na vidole viwili, mwiba ukijitokeza anautoa.

Katikati ya kazi hiyo kijana wa bodaboda anavuta kiti cha mbele yake, maana hapa meza ni za wote. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu chakula."

"Asante, mama, endelea."

Basi. Ukaribisho huo, ambao kila mtoto hufunzwa nyumbani, unamaliza swali la kwa nini anakula peke yake. Aliyekaribisha ni mwenyeji, na mwenyeji hahitaji kujieleza. Anarudi kwa samaki wake bila kutafuta maongezi na bila kuyakimbia.

Upande wa juu ukiisha, hamgeuzi samaki. Anashika uti wa mgongo kwenye mkia na kuuinua polepole hadi kichwani, mbavu zikifuata, mnofu wa chini ukibaki sahanini. Mwisho ni kichwa. Anakivunja, anatoa minofu ya mashavu, anafyonza mifupa, na mfyonzo huo unasikika. Zamani kichwa alikiacha kwa sababu ya sauti hiyo. Kijana wa bodaboda hakuinua uso.

Ananawa tena kwa utaratibu ule ule, anakunywa maji, anakaa kidogo ingawa sahani imeondolewa, kwa sababu kukimbia mwishoni kungeifundisha hofu kwamba ilikuwa na haki. Analipa kaunta, anasubiri chenji, anaaga.

Tukiwa njiani kurudi dukani nilimsifu. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayesifu gauni ambalo yeye ameshaona kasoro ya pindo lake.

"Kichwa nimekiharakisha," alisema. "Kesho nitaagiza samaki mkubwa zaidi."