Kontrolboksi zinavyogombea anwani ndani ya lori

Katika lori la kisasa injini ina kontrolboksi yake, giaboksi ina yake, breki zina yake, na zote hutumia jozi moja tu ya nyaya kupeana habari. Kila ujumbe hubeba anwani ya aliyeutuma, nayo ni namba ya biti 8. Namba 255 imewekwa kwa ujumbe unaoelekezwa kwa wote, 254 kwa asiye na anwani. Zinazogombewa ni 0 hadi 253. Nani azigawe? Kiwango cha J1939, kilichotungwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, hakikuweka mgawaji.

Kontrolboksi ikiwashwa hutangaza anwani inayoitaka na kuambatanisha jina lake la biti 64, linalotaja kazi yake, mtengenezaji wake na namba ya utambulisho. Injini kwa kawaida hudai 0, giaboksi 3, breki 11. Mbili zikidai anwani moja, majina hulinganishwa kama namba, na lililo dogo hushinda.

Utamu wa jambo uko kwenye biti ya juu kabisa ya jina. Kifaa kinachoweza kuhamia anwani nyingine huiweka 1. Kisichoweza huiweka 0. Kwa kuwa biti hiyo ndiyo nzito kuliko zote, awezaye kuhama hushindwa kila anapokutana na asiyeweza, bila sharti la ziada wala mwamuzi. Haki yote imo ndani ya hesabu. Sijaona ubunifu mwingi wa kihandisi unaopata kikubwa hivi kwa biti moja.

Aliyeshindwa na hana pa kuhamia hutangaza kwamba amekosa, akitumia 254. Wakikosa wawili kwa mpigo, vichwa vya ujumbe wao vitafanana na kugongana wayani. Ndiyo maana kila mmoja husubiri kwanza muda wa kubahatisha, usiozidi milisekunde 153.

Kasoro ni kwamba hakuna anayehakiki jina. Kifaa chenye nia mbaya kikijipa jina dogo kitaiondoa hata injini kwenye 0. Na majina mawili yakilingana kabisa, hakuna aliye mdogo: wote wawili huweza kujiona washindi, na jumbe zao zikachanganyika. Fundi, ukifunga vihisi viwili vya aina moja kwenye mtandao huu, soma majina yao kwa kompyuta kabla ya kuunga waya.